Rangi ya Upande Mmoja: Mhadhara juu ya Alama za Viungio vya Mabehewa ya Makaa



Mada niliyokuja nayo jioni hii ni ndogo kwa umbo, na yamkini wamo miongoni mwenu ambao, walipoisoma katika tangazo, walijiuliza mna nini cha kuhutubia katika rangi iliyopakwa mwishoni mwa behewa la mizigo. Mimi naitakidi kuwa mna jambo kubwa. Katika kazi za reli mambo mengi yanayohifadhi roho za watu na mali zao hupitishwa kwa rangi, kimya kimya, kutoka kwa fundi mmoja hadi kwa mwingine asiyemjua wala hatamwona. Na alama ninayokusudia kuieleza, yaani ile inayopakwa upande mmoja wa behewa la makaa ya mawe huko Marekani ili ijulikane kiungio kinachozunguka kiko upande upi, ilibuniwa kwa sababu jicho la binadamu, hata likiwa kali namna gani, haliwezi kuliona kwa wepesi lile ambalo lazima lijulikane ili kazi iende salama.

Sina budi kuanza na kiungio chenyewe, kwani asiyejua kinavyoshika hatajua kwa nini kilihitaji kuwekewa alama. Treni ya mizigo ni mabehewa yaliyofungamanishwa mwisho kwa mwisho, na kinachoyafungamanisha ni chuma kizito kilichochomoza katikati ya kila mwisho wa behewa, katika kimo ambacho kanuni za Marekani zimekiwekea mipaka: kisipungue inchi 31½ wala kisizidi inchi 34½ kutoka usawa wa reli. Zamani huko mabehewa yaliungwa kwa pete ndefu ya chuma na pini. Mtu wa breki alisimama baina ya mabehewa mawili, moja limetulia na la pili linamjia, akaishika pete kwa mkono wake kuielekeza katika tundu, kisha akaidondosha pini mahali pake kabla vyuma havijagongana. Na kwa kuwa vyuma havikumngoja, wengi walipoteza vidole, wengine mikono, na wengine uhai, hata ikawa mkongwe wa kazi hiyo hutambulikana kwa upungufu wa viganja vyake.

Eli Janney, mkaazi wa Alexandria katika jimbo la Virginia, aliyekuwa afisa katika jeshi la majimbo ya Kusini na baada ya vita akawa karani wa duka, alichonga mfano wa mti wa kiungio cha namna nyingine, na tarehe 29 Aprili 1873 akapewa hataza yake. Kiungio hicho ni kama mkono uliokunja vidole: taya la chuma hufunguka kwa bawaba, na likisukumwa na taya la behewa la pili hujifunga lenyewe na kukaa limefungwa, mpaka mtu aliyesimama kando, nje ya njia, avute wenzo wa kulifungua. Walakini kampuni nyingi za reli ziliona gharama ya chuma kuwa nzito kuliko gharama ya vidole vya watumishi, na ilimbidi Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa ambaye aliona kwa macho yake mtu wa breki akipondwa vidole, atumie miaka mingi ya umri wake akihutubia, akiandika barua na kubisha milango ya wakubwa, hata Rais Benjamin Harrison alipoitia saini Sheria ya Vifaa vya Usalama tarehe 2 Machi 1893, iliyozilazimisha reli zilizobeba bidhaa baina ya majimbo kutumia viungio vinavyojifunga kwa kugusana, ambavyo hufunguliwa pasipo mtu kuingia kati. Baina ya hataza na sheria ilipita miaka ishirini, nami siwezi kuitaja miaka hiyo bila ya uchungu, kwa kuwa dawa ilikuwapo na maradhi yakaachwa yaendelee. Katika kipindi cha mpito taya la kiungio kipya lilipasuliwa ufa na kutobolewa tundu, ili behewa jipya liweze kupokea pete na pini ya behewa la kikale.

Kiungio cha Janney, pamoja na marekebisho yake mengi, ndicho kilichorithiwa na treni za makaa za karne ya ishirini, na hapo ndipo hadithi ya rangi inapoanza.

Katika Bonde la Mto Powder, lililo Wyoming na kuingia Montana, ziko tabaka nene za makaa ya mawe zilizo karibu na uso wa ardhi, na makaa hayo yana kiberiti kidogo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu usafi wa hewa ilipozibana kampuni za umeme juu ya moshi wa kiberiti, makaa yaliyokuwa mbali na miji na yasiyotazamwa sana yakawa yanatafutwa kwa hamu. Mgodi wa Black Thunder ukafunguliwa mwaka 1977, na mwaka 1979 reli mpya baina ya Gillette na Orin ikakamilika. Treni zilizopita hapo hazikuwa treni za kuchanganya bidhaa za kila namna. Zilikuwa treni za shehena moja, mabehewa mia na zaidi, yote ya makaa, yanayotoka mgodini hadi kwenye mtambo wa umeme na kurudi matupu kuchukua mengine, bila kufumuliwa njiani. Behewa moja la siku zetu pamoja na shehena yake huruhusiwa kufika ratili 286,000, yaani takriban tani 130. Mabehewa 125 ya namna hiyo ni zaidi ya tani 16,000 zinazovutwa kwa mpigo mmoja.

Kushusha shehena ya kiasi hicho ni tatizo la peke yake. Njia mojawapo ni kutia milango chini ya behewa, makaa yakaporomoka yenyewe. Lakini milango ina bawaba na komeo zinazoharibika, na majira ya baridi, makaa yenye majimaji yakishaganda, hukataa kutoka. Njia ya pili ni kulifanya behewa kuwa sanduku tupu lisilo na mlango wowote, na kulipindua. Mtambo wa kupindua hulishika behewa kwa juu na kwa ubavuni pamoja na kipande cha reli kilicho chini yake, ukaligeuza kiasi cha digrii 160 hivi mpaka makaa yakamwagika katika shimo, kisha ukalirudisha wima; mkono wa mtambo mwingine ukaivuta treni nzima mbele kwa urefu wa behewa moja, na la pili likaingia mahali pa la kwanza. Hapo zamani kila behewa lilifunguliwa kwanza kutoka kwa wenziwe, likapinduliwa peke yake, likafungwa tena, na fikirini kazi hiyo ingekuwaje kwa mabehewa 125. Wahandisi wakauliza: je, haiwezekani behewa kupinduliwa ilhali limeshikana na jirani zake wa mbele na wa nyuma, nao wamesimama wima juu ya reli?

Inawezekana, kwa sharti mbili. Ya kwanza ni kwamba mhimili wa mzunguko wa mtambo upite mle mle katikati ya viungio, ili behewa lizungukie kiungio chake kama gurudumu linavyozungukia ekseli. Ya pili ni kwamba kiungio chenyewe kikubali kuzunguka. Vichwa vya viungio vikishashikana haviachiani. Aina inayotumika katika mabehewa haya imefanyiwa mwingiliano wa vyuma unaozuia kichwa kimoja kisipande juu ya mwenziwe wala kisishuke chini yake, jambo ambalo ni salama kubwa treni inapoanguka, lakini lina maana kwamba baina ya kichwa na kichwa hapana msokoto unaoruhusiwa. Kwa hiyo mzunguko sharti utokee nyuma ya kichwa, ndani ya tumbo la behewa, ambamo shina la kiungio limewekwa katika kishikio cha mviringo, behewa likaweza kulizungukia huku kichwa kimetulia. Mipira ya upepo wa breki huachwa imeunganishwa, nayo hustahimili msokoto ule wa kitambo kifupi.

Sasa, mafundi waliona hapana haja ya kutia kiungio kinachozunguka katika kila mwisho wa kila behewa. Kiungio cha namna hii kina gharama na kina matunzo. Na katika kila maungano kimoja tu kinatosha, kwani behewa likizunguka, ama litazungukia kiungio chake lenyewe, ama kile cha jirani kitazunguka pamoja nalo ndani ya behewa la jirani. Basi behewa likapewa kiungio kinachozunguka upande mmoja, na kiungio kigumu cha kawaida upande wa pili. Na mabehewa yote yakapangwa yakielekea upande mmoja, ili kila mgumu akutane na mzungukaji.

Hapo ndipo taabu ilipoingia. Kinachozunguka kimefichwa ndani, na kinachoonekana nje, yaani kichwa na taya lake, ni kile kile pande zote mbili. Msafiri hawezi kuvitofautisha. Hata mtu wa kazi itambidi aingie na taa, ainame, achungulie shina, na kufanya hivyo kwa mabehewa mia ni kumrudisha mtu mahali pale pale ambapo sheria ya mwaka 1893 ilimtoa. Ndipo brashi ikachukuliwa, na mwisho wa behewa wenye kiungio kinachozunguka ukapakwa rangi iliyo mbali na rangi ya behewa zima, aghalabu kibao kizima cha ubavuni kilicho karibu na mwisho pamoja na uso wa mwisho wenyewe, ili mtu aliyesimama kando ya njia, au anayepita na gari sambamba na treni, aione bila kushuka.

Nawaomba mnivumilie nilieleze jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo uzuri wake ulipo. Chukueni treni ambayo mabehewa yake yote yamepangwa sawa, kila moja likitanguliza upande wake wenye rangi. Katika kila pengo baina ya behewa na behewa mtaona uso mmoja wenye rangi na uso mmoja usio nayo. Treni hiyo ikizunguka katika njia ya duara, kama zilivyo njia za migodini na za mitambo mingi ya umeme, ikatoka imeelekea ilikotoka, hapana kilichoharibika, kwa kuwa uhusiano wa jirani na jirani haukubadilika. Lakini behewa moja likitolewa kwa sababu ya gurudumu bovu, likapelekwa karakana, na huko likageuzwa kwa bahati mbaya, kisha likarudishwa katika safu kinyume cha wenziwe, basi upande mmoja wake zitakutana nyuso mbili zenye rangi, na hapo hapana dhara lolote, ila mizunguko miwili badala ya mmoja; na upande wake wa pili zitakutana nyuso mbili zisizo na rangi, viungio viwili vigumu vilivyoshikana, na siku behewa hilo litakaposhikwa na mtambo na kuanza kupinduliwa, msokoto wote utamwendea jirani aliye wima nje ya mtambo, ambaye hakufungwa na chochote ila uzito wake. Ama ataacha reli, ama chuma kitavunjika. Kwa hiyo mkaguzi anayepita kando ya treni usiku, theluji imetanda na taa yake iko mkononi, hana haja ya kuhesabu wala kukumbuka mwelekeo wa safu. Atazame mapengo tu, na kila pengo limwonyeshe walau uso mmoja wenye rangi. Pengo lisilo na rangi hata moja ndilo litakalomsimamisha.

Ni kanuni iliyo nyepesi kiasi cha kufundishwa kwa sentensi moja, nami naistahi sana kwa wepesi wake.

Rangi yenyewe haikuamriwa. Mabehewa mengi ya makaa ni mali ya kampuni za umeme na si ya reli, na kila mwenye mali amejichagulia: huyu manjano, huyu nyekundu, huyu buluu, huyu rangi ya machungwa. Kinachotakiwa ni tofauti. Behewa jeusi likipakwa manjano limetimiza, na behewa la alumini, ambalo halihitaji rangi ya kulikinga na kutu na kwa hiyo huachwa na weupe wake wa madini, likipakwa kijani upande mmoja limetimiza vile vile. Tena katika mabehewa mengi ya alumini kibao hicho cha mwishoni ndicho rangi pekee ya kutajika iliyomo mwilini mwake. Yapo pia mabehewa yaliyopewa viungio vinavyozunguka pande zote mbili, nayo hupakwa rangi ncha zote mbili. Haya huwekwa mahali ambapo jirani si behewa la makaa, khasa kando ya injini, kwani kiungio cha injini hakizunguki, na katika treni ndefu injini huwekwa mbele, na pengine katikati, na pengine nyuma.

Jambo moja linalopasa kuangaliwa ni mahali ambapo rangi haitiwi. Kichwa cha kiungio, lile taya linalobeba mvuto wa treni nzima, kwa desturi huachwa na chuma chake kitupu, kikashika kutu ya hudhurungi, kadhalika magurudumu. Sababu ni kwamba chuma kinachobeba uzito hupasuka kidogo kidogo, ufa mwembamba kama unywele hutangulia kabla ya mvunjiko, na rangi ikiufunika ufa ule imemficha adui. Basi katika behewa lile lile, shibri chache mbali, rangi imetiwa makusudi ili kufichua kisichoonekana, na imezuiwa makusudi isije ikaficha kinachoweza kuonekana. Aliyeweka kanuni hizi mbili pamoja alikuwa anajua nini rangi inaweza na nini haiwezi, na fundi anayepaka bila kujua sababu ya kila moja ni hatari hata akiwa hodari wa brashi.

Wamarekani hawakuwa wa kwanza kupaka upande mmoja. Huko Uingereza, mabehewa madogo ya makaa ya tani 16, ambayo yaliundwa zaidi ya 200,000, yalikuwa na mlango katika mwisho mmoja, na bandarini yaliinuliwa kwa mtambo na kuinamishwa upande wa mlango huo ili makaa yateremke katika meli. Ubavuni palichorwa mstari mweupe wa mshazari unaopanda kutoka chini hadi juu, na ncha yake ya juu ilionyesha mwisho wenye mlango. Mtu wa bandari akautazama mstari kwa mbali akajua behewa liingizwe likielekea wapi. Na katika miisho ya mabehewa ya huko palikuwa na alama nyingine iliyo karibu zaidi na viungio: bomba la breki ya ombwe lililosimama kando ya ndoana ya kuungia lilipakwa rangi nyekundu ikiwa behewa lina breki yake lenyewe inayofanya kazi, na nyeupe ikiwa bomba linapita tu chini ya behewa, likipeleka nguvu kwa mabehewa ya nyuma huku lenyewe halina cha kushika magurudumu. Mabomba yale mawili ni sawa kwa umbo na huunganishwa kwa mpira ule ule. Gadi aliyeona nyeupe nyingi mno katika safu alijua kwamba treni yake, ijapokuwa imeunganishwa bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, haina nguvu ya kusimama aliyodhani inayo. Kwangu mimi hii ni ndugu wa damu wa rangi ya Wyoming, maana zote mbili husema habari ya tumbo la behewa juu ya ngozi yake.

Nakuja sasa kwenye shauri lililonifanya niichague mada hii. Alama ya namna hii ni ushahidi, na ushahidi una mwenyewe. Behewa linapoingia karakana kubadilishiwa kiungio, na ghalani hakuna kinachozunguka, fundi anaweza kutia kigumu ili behewa liondoke, nalo litaungwa, litavutwa, litashika breki, na kwa safari nzima halitaonyesha dosari yoyote. Kasoro ni kwamba rangi iliyo ubavuni mwake sasa inasema uwongo. Kadhalika pande mbili za behewa zikipakwa upya kwa haraka, na kibao cha rangi kikahamishwa ncha kwa kosa la kazi, hapana chuma kitakacholalamika. Uwongo huo utasafiri siku kadhaa hadi mtamboni, ambako mtu mwingine kabisa, aliyeuamini kwa kuwa ameuamini mara zote, atabonyeza kitufe. Ndiyo maana nasema kwamba kupaka alama ni sehemu ya matengenezo yenyewe, nayo yafaa kufanywa na kutiwa sahihi na yule yule aliyetia kiungio, akiwa amekitazama kwa macho yake. Sipendi kabisa ile kawaida ya karakana nyingi duniani ya kuhesabu kazi ya rangi kuwa kazi ya vijana wa mwisho, inayofanywa jioni fundi mkubwa akiisha kunawa mikono.

Tangu miaka ya 1990 mabehewa ya Amerika ya Kaskazini yamebandikwa vibao vidogo vya elektroniki ubavuni, vinavyosomwa na mitambo iliyo kando ya reli treni ikiwa mbioni, vikataja namba ya behewa na mwenyewe, na kwa kuwa huelezea pia ubavu vilipobandikwa, mwelekeo wa behewa unaweza kujulikana bila ya mtu kulitazama. Ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini kisomaji kiko mahali maalumu, ilhali behewa hutolewa na kurudishwa popote, katika yadi isiyo na kisomaji, mbele ya watu wawili na injini moja. Na kibao kile husema tu kile kilichoandikwa katika daftari juu ya behewa, kwa hiyo karakana ikitia kiungio kigumu bila kuandika, kibao nacho kitashuhudia uwongo kama rangi. Basi ncha za mabehewa zingali zinapakwa. Vumbi la makaa huzifunika, jua la nyanda za juu huipausha buluu na kuifanya nyeupe, na behewa likirudi karakana kwa ajili ya magurudumu au breki, mkaguzi mwangalifu huliandikia pia brashi.

Wamo humu ukumbini, nimeambiwa, wazee waliofanya kazi ya ushanta na ugadi katika reli zetu, ambao wameunga na kufungua mabehewa mengi kuliko nitakayopata kuyaona. Ningependa kusikia kwao ni alama zipi walizozitegemea usiku katika yadi, na nani aliyekuwa na dhamana ya kuzipaka. Nami nimemaliza yangu, na kiti hiki ni chao.